Meza za Brussels: Chipsi, Bia Chachu na Sombe ya Matonge

Brussels ni mji wa manispaa 19, kila moja ikiwa na meya wake na, kwa kiasi kikubwa, ladha yake, na ndiyo maana mgeni anayeishia katikati ya mji hula vibaya kwa bei kubwa huku wakazi wakila vizuri mwendo wa dakika ishirini kutoka hapo. Mfano ulio wazi ni Rue des Bouchers, uchochoro ulio karibu na uwanja mkuu wa Grand-Place, ambako wahudumu husimama milangoni kuwaita wapita njia. Si migahawa yote ya huko ya kuepukwa, kwani Chez Léon imekuwa ikiuza kome na chipsi tangu 1893, lakini kwa jumla mlango usiohitaji mpiga debe ndio wa kuuamini.

Chakula cha mji huu kinachostahili kuelezwa kwanza ni chipsi, ambazo Wabelgiji hawakubali kuziita za Kifaransa. Viazi hukatwa vinene, hukaangwa mara ya kwanza kwa moto wa wastani hadi viive ndani, huepuliwa vikapoa, kisha hurudishwa katika mafuta yenye moto mkali zaidi ili ganda liwe kavu na la dhahabu. Vibanda vyake huitwa fritkot, na kinachojulikana zaidi ni Maison Antoine, kilichopo Place Jourdan katika manispaa ya Etterbeek tangu 1948. Hapo mteja hupewa chipsi katika bahasha ya karatasi iliyokunjwa kama ya karanga, akaenda nazo kwenye baa za kuzunguka uwanja huo, ambazo nyingi humruhusu aketi na chakula alichonunua kwingine mradi tu aagize kinywaji. Ni utaratibu wa ujirani mwema ambao miji mingi ingeuona kuwa hasara. Wasomaji Waislamu wanapaswa kujua kwamba mafuta ya jadi ya kukaangia ni shahamu ya ng'ombe, ambaye si lazima awe amechinjwa kwa njia ya halali. Vipo vibanda vinavyotumia mafuta ya mimea, kwa hiyo ni vema kuuliza kabla ya kuagiza.

Utamaduni wa bia wa Ubelgiji uliingizwa mwaka 2016 katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika, lakini bia iliyo ya Brussels hasa ni lambic, na namna inavyotengenezwa haitakuwa ngeni kwa anayelijua tembo la mnazi, kwa kuwa mtengenezaji haitii hamira yoyote. Maji ya shayiri na ngano yaliyochemshwa humiminwa katika chombo kipana kisicho na kifuniko chini ya paa la kiwanda, yakaachwa usiku kucha ili hamira za mwituni zilizomo hewani ziyaingie, kazi inayofanyika miezi ya baridi tu kwa sababu wakati wa joto vijidudu viharibifu huwa vingi mno. Baada ya hapo kinywaji hukaa katika mapipa ya mti wa mwaloni, na mchanganyiko wa lambic changa na ile iliyofikisha miaka miwili au mitatu hutiwa chupani ukachacha tena, ukaitwa gueuze. Ladha yake ni kali na chachu, na wengi huikunjia uso glasi ya kwanza. Kiwanda cha Cantillon huko Anderlecht, kilichoanzishwa mwaka 1900, bado huitengeneza hivyo na hupokea wageni. Asiyekunywa pombe hana sababu ya kujiona amenyimwa kitu, kwa maana kwenye soko la Jumapili asubuhi karibu na stesheni ya Midi, akina mama wa Kimoroko huuza chapati za kukunjwa zenye jibini na asali, pamoja na chai ya mnanaa.

Matonge, mtaa wa manispaa ya Ixelles uliopewa jina la kitongoji cha Kinshasa, ulianza kukua pembeni ya Maison Africaine, nyumba iliyowapokea wanafunzi kutoka Kongo kuanzia miaka ya 1960. Lugha zinazotawala ni Kilingala na Kifaransa, ingawa mtu wa Bukavu au Bujumbura hakosi wa kuzungumza naye Kiswahili. Katika Rue Longue Vie na Chaussée de Wavre hupatikana pondu, ambayo Bukavu ni sombe na pwani ni kisamvu, ikipikwa kwa mawese na kuliwa na fufu au kwanga, yaani muhogo uliovundikwa, ukapondwa na kupikwa ndani ya majani. Samaki wa liboke naye hufungwa majanini, na kwa kuwa hupikwa polepole, mwenye haraka aagize ntaba, nyama ya mbuzi ya kuchoma inayoletwa na vitunguu na pilipili.

Katika migahawa ya kawaida, ada ya huduma imo tayari ndani ya bei, kwa hiyo bakshishi ni hiari. Maji, kwa upande mwingine, huja kwa chupa na hulipiwa, na anayeomba ya bomba asishangae kukataliwa. Majiko mengi hufungwa baada ya saa nane mchana hadi jioni, muda ambao fritkot na maduka ya Matonge huwa wazi.