Bei njoo inboksi, dia!

Umeliona gauni Instagram, limekukaa moyoni, na sendofu ya mdogo wako inakaribia. Unauliza kistaarabu: "Samahani dada, hili shilingi ngapi?" Jibu linakuja na maua matatu: "Njoo inboksi mpenzi." Unaenda. "Mambo dia, nikuwekee mangapi?" Hee! Na bei bado hujaambiwa.

Wadada wa Arusha, kuanzia Njiro hadi Ngaramtoni, mchezo huu mnaujua. Ukiuliza kama kitambaa ni kizito, maana sherehe ni Julai na baridi ya Meru si ya kuchezea, unajibiwa "linapendeza sana". Ukitaka urefu kwa sentimita, unaambiwa "saizi zote zipo". Rangi inachuja? "Ni orijino." Sasa nani kauliza hilo?

Wengi tunadhani ni dharau. Mara nyingine ni dharau kweli, tusidanganyane. Lakini utakuta anayekujibu hajawahi hata kuligusa hilo gauni. Ni dalali tu: kachukua picha kwenye ukurasa wa mwenye duka Kariakoo, kaongeza cha juu, na ukishalipa ndipo anakwenda kulitafuta. Uzito wa kitambaa ataujulia wapi? Na huko inboksi wapo wanaochungulia kwanza picha zako, ndipo wakupangie bei yako peke yako.

Wenzetu Marekani nao wameyaonja. Kwa miaka mingi Amazon ilikuwa ikiwatumia barua pepe watu waliokwisha nunua bidhaa, ikiwaomba wamjibu mteja mwingine mwenye swali. Mtu akidhani kaulizwa yeye binafsi, anajibu kwa adabu zote: sijui, nilimnunulia mjomba zawadi. Angalau huyo kakiri hajui! Wa kwetu atasema "ipo".

Na sisi wa huku hasara yetu ni kubwa zaidi. Mzigo unatoka Dar kwa basi, zaidi ya kilomita 600, na pesa umeshatuma kwa simu. Likibana mabegani, gharama ya kulirudisha ni juu yako. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji ajitambulishe na aeleze anachouza, lakini nani ataanza kesi kwa gauni la sh. 60,000 na sherehe ni keshokutwa?

Kwa hiyo shosti, badilisha maswali. Ukiuliza "ni zuri?" hakuna atakayekwambia baya. Mwombe akupigie picha gauni limelazwa kitandani, futi ya fundi pembeni, na lebo ionekane. Mwenye nalo atafanya kwa dakika tano. Asiye nalo ataanza: mara simu haina chaji, mara "kama huna hela sema dada". Huyo achana naye.

Wapo wauzaji wa hapahapa mjini wanaoandika bei chini ya picha na kukuruhusu upite dukani ujaribu. Hata wakizidi sh. 5,000, nauli ya mzigo umeiokoa, na likibana unalivua palepale.