Je, Wajua? Manyoya ya Simba Dume Si Ngao

Katika magemu ya mapigano, yale yanayochezwa vibandani kuanzia Tarime mjini mpaka Sirari, utamkuta askari wa kiume kafunikwa chuma kuanzia utosini hadi kisiginoni. Askari wa kike wa jeshi lile lile amepewa sidiria ya chuma, mabega ya chuma na buti ndefu. Tumbo, mapaja na nusu ya kifua viko wazi kwa mkuki wowote utakaopita. Desturi hii ina umri mkubwa kuliko magemu yenyewe. Red Sonja wa katuni za Marekani alivalishwa vipande vya chuma visivyofunika kitu tangu miaka ya 1970. Ivy wa gemu la Soulcalibur, lililotoka 1998, alipunguziwa nguo katika matoleo yaliyofuata badala ya kuongezewa.

Kwa ufundi wa vita, vazi hilo halina utetezi. Ndani ya paja hupita mshipa mkubwa wa damu, na ukikatwa mtu anaweza kufa kwa dakika chache. Hata lile bamba la kifua lililofinyangwa matiti mawili ni mtego kwa anayelivaa, kwa kuwa ncha ya upanga ikigonga huteleza kuelekea katikati, juu ya mfupa wa kifua. Wahunzi wa Ulaya wa zama za mashujaa wa farasi walijua hivyo. Walibinua bamba lote kwa mbele ili pigo liteleze na kuishia pembeni.

Wapenzi wa magemu hujibu kwamba hizo ni hadithi tu, na mbona joka linalotema moto hatulihoji? Hapo nawapa haki yao. Kinachoniudhi ni sababu ya pili, inayotolewa kwa sauti ya kisomi: ati maumbile yenyewe ndivyo yalivyopanga, dume avae zana za vita na jike abaki pambo. Mfano unaotolewa haraka ni simba, dume mwenye shingo nene ya manyoya na jike aliye mtupu. Wanaosema hivyo wamechagua mfano mbaya mbele ya watu wa Mkoa wa Mara. Simba wako wilayani Serengeti, na wako upande wa Lamai kule Tarime, ng'ambo ya kaskazini ya Mto Mara. Wamechunguzwa kwa zaidi ya nusu karne, na habari yao inakwenda kinyume kabisa.

Kosa lenyewe lina heshima zake. Charles Darwin, katika kitabu chake cha 1871 kuhusu asili ya binadamu, aliona kwamba manyoya ya simba dume yanamkinga shingo anapopigana na madume wenzake. Watu waliridhika na maelezo hayo kwa zaidi ya miaka mia moja. Wakati huo huo kumbukumbu zilikuwa zikijengeka Serengeti. Mtafiti George Schaller alianza kuwafuatilia simba huko mwaka 1966, na kuanzia 1978 kazi ikashikwa na Craig Packer na Anne Pusey. Kila simba aliandikwa: nani kazaliwa na nani, nani kajeruhiwa wapi, nani kapona.

Peyton West, aliyefanya utafiti pamoja na Packer, aliuliza swali jepesi. Kama manyoya ni ngao, basi shingo ndiyo inayolengwa zaidi, na jeraha la shingo ndilo linaloua zaidi. Alipochambua majeraha hakukuta hivyo. Shingo haikupigwa kuliko sehemu nyingine za mwili, na waliojeruhiwa hapo hawakufa kwa wingi kuliko wenzao. Ngao ilikuwa inalinda mahali ambapo adui hana haja napo.

Hapo ndipo ilipoingia midoli. Watafiti walitengenezewa madume bandia wa saizi halisi, wenye manyoya ya kubadilishwa: meusi au ya rangi ya mchanga, marefu au mafupi. Waliwasimamisha wawili wawili porini, kisha wakapiga kwa spika sauti za fisi wakigombania mzoga, maana simba akizisikia huja kuona kama kuna cha kupora. Simba walikuja, wakawakuta wageni wawili wamesimama kimya, wakalazimika kuchagua wa kumwendea kwanza. Majike karibu kila mara walimwendea mweusi. Madume walimkwepa mweusi, na walimkwepa pia mwenye manyoya marefu. Wakaenda kumjaribu yule mwenye manyoya mafupi au mepesi wa rangi. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 2002.

Weusi huo unatangaza nini? Rangi hufuata homoni ya kiume, umri na lishe. Dume mweusi mara nyingi ni mtu mzima aliyeshiba, hupona majeraha vizuri, na watoto walio chini ya ulinzi wake huishi kwa wingi zaidi. Dume aliyeumia manyoya yake hupungua urefu, na aliyehasiwa huyapoteza. Kwa hiyo jike anayetazama shingo anasoma hali ya mwili mzima, na dume mgeni anasoma hapo hapo kama ugomvi huu una faida.

Tangazo hilo lina bei. Kwa kamera zinazopima joto, madume weusi walionekana kuwa na joto kubwa zaidi mwilini. Mbegu zao nyingi zaidi zilikuwa na kasoro, na miezi ya joto walikula kidogo kila walipopata mlo. Ni kama kuvaa koti la sufu mjini Mugumu saa saba mchana na kukataa kulivua kwa sababu wakwe wanakuangalia. Mahali penye joto kali zaidi mzigo huo hupunguzwa. Huko Tsavo, Kenya, madume wengi wana manyoya haba au hawana kabisa. Wale wawili waliowaua wajenzi wa reli mwaka 1898 walikuwa vipara wa shingo, na hadi leo wamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Field, Chicago.

Sasa mtazame jike, yule anayeitwa pambo. Madume wageni wakiliteka kundi huwaua watoto wachanga, kwa kuwa jike anayenyonyesha haingii kwenye joto, na akifiwa na watoto huingia mapema. Jike hupigana na dume aliyemzidi uzito kwa mbali, na hupigana akiwa na dada zake, mama zake na binti zake. Mpakani hupigana pia na majike wa kundi jirani, vita ambavyo huua. Karen McComb na wenzake walionyesha mwaka 1994, hapo hapo Serengeti, jinsi majike hawa wanavyoamua kuingia vitani. Waliwapigia ngurumo za mgeni mmoja, au za wageni watatu kwa pamoja. Majike waliusogelea mlio wa mmoja kwa urahisi. Waliposikia watatu walisita, na wengine waliunguruma kwanza kuwaita ndugu waliokuwa mbali. Simba jike huhesabu. Zana yake ya vita ni idadi ya ndugu zake na akili ya kujua idadi ya adui, na vyote viwili havimpandishi joto saa saba.

Pofu nao wako hivyo. Pembe za dume ni nene shinani, zimejisokota, zinafaa kusukumana na dume mwenzake. Za jike ni nyembamba, mara nyingi ndefu zaidi, na zinafaa kuchoma. Packer aliandika mwaka 1983 kwamba tofauti hiyo inajirudia kwa swala wengi wa Afrika: pembe za dume ni za mieleka, za jike ni za kumtoboa anayemla mtoto.

Kanuni ninayoiona hapo ni hii: ukikuta vazi la vita lisilokinga, tafuta anayelitazama. Manyoya ya simba dume yana watazamaji wawili, jike na mpinzani, na wote wawili wako uwanjani. Sidiria ya chuma ina mtazamaji mmoja, naye amekaa nje ya gemu ameshika rimoti. Msanii hakumvisha askari, alimvisha mnunuzi. Mnunuzi akibadilika, nguo hubadilika. Lara Croft, shujaa wa magemu aliyeanza 1996 na kaptula fupi, alirudi 2013 amevaa suruali, na wanawake wa gemu la Mortal Kombat 11, mwaka 2019, walifunikwa zaidi kuliko wa 2011. Watengenezaji hawakugundua maumbile mapya. Waligundua kwamba wasichana nao wanalipia gemu.

Sisi pia tunatazama vibaya. Mgeni akiingia hifadhini kwa lango la Fort Ikoma huuliza dume yuko wapi. Majike kumi wakipita gari halisimami. Mwindaji wa kulipia naye hutaka kichwa chenye manyoya meusi, yaani yule yule ambaye majike walimchagua. Akiuawa kabla ya wakati, madume wageni huingia na watoto wa kundi zima huuawa, kwa hiyo risasi moja hulipwa na wengi. Tanzania imeweka sharti kwamba simba wa kuwindwa awe na miaka 6 au zaidi. Nalisifu, ila manyoya yasitumike kupimia: ukitaka umri wa simba angalia pua, ambayo utotoni ni ya waridi na hujaa madoa meusi kadiri miaka inavyokwenda.  

Matumizi mengine ya manyoya haya, kwa kifupi: kofia za heshima za Wamasai, vichwa vya ukutani, noti ya shilingi 2,000, nembo ya Simba SC, sanamu za malango ya hoteli, fulana za watalii. Yote ni ya kutazamwa.