Maradhi ya Ini na Wembe wa Kambini



Msimu uliopita tulimzika mwenzetu mmoja, mchumaji hodari ambaye hakuna mkarafuu uliomshinda. Tumbo lilimvimba, macho yakawa manjano, na watu wakasema kafanyiziwa. Daktari alisema ni ini. Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza na kusoma, na niliyoyapata naona si haki kuyaficha.

Maradhi yenyewe huitwa homa ya ini aina ya B. Msiichanganye na homa ya manjano iletwayo na mbu. Hii hutokana na kirusi kinachokaa katika damu na maji ya mwili, na njia zake ni zile zile za kirusi cha UKIMWI: kuingiliana, damu, na mama kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaa. Ndiyo maana mtu mmoja huweza kuwa nayo yote mawili. Lakini hiki cha ini ni kigumu zaidi. Damu ikikauka juu ya wembe, chenyewe huweza kuishi siku 7 na kuambukiza. Shirika la Afya Duniani lasema kuwa mwaka 2022 kiliua watu milioni 1.1, hali UKIMWI mwaka huo uliua kama 630,000. Na sisi tunauogopa UKIMWI tu!

Sasa twende mbali kidogo, Mbulu na Hanang, mkoa wa Manyara, nchi ya baridi ilimwayo vitunguu thomu kwa wingi. Hospitali ya Haydom iko huko tangu 1955. Watafiti waliopima VVU vijijini mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuta kama watu 2 tu katika 100. Khabari njema, na mtu angeweza kulala usingizi. Lakini mambo yapitishayo damu yalikuwako. Uchunguzi wa taifa wa 2015-16 ulionyesha kuwa Manyara wanawake 58 katika 100 walikuwa wamekeketwa, na kisu kitokacho kwa mtoto huyu kikaenda kwa yule hakichagui kirusi.

UKIMWI kuwa haba si dhamana ya ini. Kirusi cha ini aghlabu huingia mapema. Mtoto mchanga akiambukizwa, 9 katika 10 hubaki nacho maisha. Mtu mzima, hawafiki 5 katika 100. Mtoto yule atakua, ataoa, atalima, haumwi kitu, na baada ya miaka mingi ndipo ini linapoharibika au kuota saratani.

Na sisi visiwani hujisifu kwamba VVU havifiki mtu 1 katika 100. Haya, tutazame kambini. Nimeona kwa macho yangu wembe mmoja ukinyoa vichwa vinne, kisha ukachomekwa ukutani kungoja kesho. Wembe wa chuku je? Na wa tohara? Kula sahani moja na mgonjwa, au kumpa mkono, hakuna khatari yo yote. Tusimtenge mtu bure.

Chanjo ipo. Watoto wa Tanzania huchanjwa tangu 2002, wakitimiza wiki 6, 10 na 14, na Shirika la Afya Duniani hutaka sindano ya kwanza itangulie, ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Sisi tuliozaliwa kabla ya hapo wengi wetu hatukuchanjwa. Mtu mzima hupimwa damu kwanza. Akiwa hana kirusi, huchanjwa mara 3 katika miezi 6.

Mwenye VVU naye aulize juu ya ini lake. Miongoni mwa dawa anazomeza, tenofoviri na lamivudini huzuia virusi vyote viwili. Basi mwenye maradhi yote mawili akiziacha ghafula kwa kuwa anajiona mzima, ini huweza kuchachamaa likamuua kabla ya UKIMWI.

Nimepeleka hoja kwa Halmashauri kwamba msimu ujao kila mchumaji apewe wembe wake mwenyewe, na kila kambi iwe na kopo la kutupia nyembe zilizotumika. Gharama ni ndogo, haifiki bei ya majamvi mawili. Mwenye rai aniletee kabla ya mkutano wa wanachama.

Katibu