Tovuti tatu: hifadhidata moja au kila moja na yake?

Nasimamia tovuti tatu za ukoo wetu: ya khabari, ya shajara ya ukoo, na ya kujiandikisha kwa harusi na shughuli nyengine. Mwanzo zote nilizitia katika hifadhidata moja ya MySQL, nikaona ndiyo wepesi.

WordPress inaruhusu jambo hilo. Kila tovuti hupewa kiambishi chake mbele ya majina ya majedwali, mathalan khabari_ na ukoo_, yakakaa pamoja bila ya kugongana. Nakala ya akiba ni moja, na neno la siri ni moja.

Tabu ilikuwa hapo hapo. Kiambishi ni jina tu, si kufuli. Programu-jalizi moja ya tovuti ya khabari, niliyosahau kuisasisha, ilimpa mwizi njia. Akasoma neno la siri katika faili la wp-config.php, na neno lile lile likamfungulia shajara: majina ya mama zetu, tarehe za kuzaliwa watoto, nambari za simu za jamaa wa Maskati, Dubai na Unguja. Wazee walionitajia majina yale kwa kuniamini, ilinibidi niwapigie simu mmoja mmoja kuwataka radhi.

Sasa kila tovuti ina hifadhidata yake, na mtumiaji wake asiyeruhusiwa kugusa nyengine. Seva moja ya MySQL hubeba hifadhidata nyingi, kwa hivyo si lazima kununua seva tatu. Faili nazo nimezitenga kwa akaunti mbali mbali, maana mwizi akiweza kusoma faili za tovuti zote, atayapata maneno ya siri yote.

Faida ya pili ni kwenye kurudisha nakala. Tovuti ya khabari ikiharibika, nairudisha ilivyokuwa juzi, na majina yaliyoingizwa jana katika shajara hayapotei.

Kushirikisha si kosa kila mara. Tovuti mbili zikionesha khabari zile zile, moja kwa Kiswahili na moja kwa Kiarabu, hifadhidata moja inafaa: ukisahihisha tarehe mara moja, inasahihika kote.

Basi kabla ya kuchanganya, jiulize: mlango huu ukivunjwa, nani mwengine ataumia? Kama ni bibi yako aliyekupa majina ya wazazi wake, mpe chumba chake na ufunguo wake.