Zebaki Katika Njia ya Misafara

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo ilitua Tabora, kisha mingine ikaendelea magharibi hadi Ujiji, na mingine ikapinda kaskazini kuelekea Ziwa Viktoria. Mwaka 1858 John Hanning Speke alielekea kaskazini kutoka Tabora hadi ziwa hilo. Leo, kaskazini mwa Tabora, ipo Nzega, wilaya yenye dhahabu. Mgodi mkubwa wa Golden Pride ulifungwa mwaka 2014, lakini uchimbaji mdogo haukukoma, na nyenzo yake ya siku zote ni zebaki.

Zebaki hukamata punje za dhahabu zilizomo katika mchanga uliosagwa, vikawa donge moja. Donge likichomwa, zebaki huwa mvuke na dhahabu hubaki. Mvuke huo hauna rangi wala harufu ya kumwonya anayeuvuta, na takriban asilimia 80 ya kiasi kinachovutwa huingia katika damu kupitia mapafu.

Madhara yake yanatokana pia na kichocheo cha mwili wenyewe. Atomu ya zebaki katika mvuke haina chaji. Hupenya utando wa seli, hufika kwenye ubongo, na hupita kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni. Huko hukutana na katalesi, kimeng'enya chenye madini ya chuma ambacho huvunja haidrojeni peroksaidi. Katika kazi hiyo, katalesi huinyang'anya zebaki elektroni mbili na kuifanya ioni. Ioni haipenyi utando kwa urahisi. Hushikamana na salfa ya protini na kunasa hapo hapo. Sehemu kubwa ya mzigo huu hulimbikizwa katika figo.

Dalili huja polepole: mikono kutetemeka, usingizi kupotea, hasira za ghafla, kusahau, fizi kuvimba. Kwa kuwa hufanana na za maradhi mengine, tabibu hana budi kumwuliza mgonjwa kazi yake na mahali dhahabu inapochomewa, kisha kuagiza kipimo cha zebaki katika mkojo. Hatua ya kwanza ya tiba ni kumwondoa kwenye mvuke.

Watafiti nao wanatafuta namna ya kuachana na zebaki. Mojawapo ni thiosalfeti, ambayo huyeyusha dhahabu ioni za shaba zikiwa kichocheo. Mgodi wa Goldstrike, Nevada, Marekani, ulianza kutumia thiosalfeti mwaka 2014. Hata hivyo, njia hiyo hudai udhibiti makini wa kemikali, jambo gumu kwa mchimbaji mdogo.

Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, unazitaka nchi wanachama zipunguze zebaki katika uchimbaji huu. Wakati mbadala ukisubiriwa, retorti, yaani chombo kilichofungwa chenye bomba la kuupoza mvuke, hurudisha sehemu kubwa ya zebaki kuwa kimiminika. Itumike nje, mbali na makazi, wajawazito na watoto. Donge la dhahabu lisichomwe kamwe jikoni, wala sufuria iliyotumika kulichomea isirudi kupikiwa chakula.