Kemia ya Muhogo na Kazi ya Askari

Mtu atokaye Arua kwenda Koboko, mwendo wa kilomita zipatazo 55, hakosi kuona vipande vya muhogo vimeanikwa juu ya mawe kando ya njia. Askari wengi hupita hapo wala hawafikiri kwamba juu ya mawe yale inatendeka kazi ambayo mwanafunzi wa shahada ya pili ya kemia aweza kuichunguza miaka miwili. Tumeona vema tuieleze, kwa kuwa inawahusu polisi na wanajeshi kuliko wanavyodhani.

Ndani ya muhogo mchungu mna kitu kiitwacho linamarini, na mbali nacho, katika kuta za seli, mna kimeng'enya cha kukivunja. Muhogo ukiwa mzima, viwili hivi havikutani. Ukitwangwa au kulowekwa hukutana, na mwishowe hutoka haidrojeni sianidi, molekuli ndogo yenye atomu tatu tu. Sumu hii haimnyimi mtu pumzi. Damu hujaa oksijeni, lakini seli za mwili hushindwa kuitumia.

Kwa bahati njema, sumu hiyo huchemka kwenye joto la digrii 26 hivi, na jua la Koboko hulipita hilo kwa urahisi. Ndiyo maana mama anayeloweka, kutwanga na kuanika bila haraka huwapa wanawe enyasa salama, ijapokuwa hajapata kusikia habari za van 't Hoff, Mholanzi aliyepewa Tuzo ya Nobel ya kwanza ya kemia mwaka 1901 kwa kueleza sheria za mwendo wa mabadiliko ya kikemia. Bali njaa ikimharakisha, au ukame ukiuzidishia muhogo sumu, hatari huingia chunguni.

Septemba 2017, wilayani Kasese, watu 98 waliugua kwa kula ugali wa muhogo, na wawili wakafa. Wachunguzi waliufuatia unga ule mpaka kwa mfanyabiashara mmoja wa jumla. Sasa tufikiri mambo hayo yametukia katika kijiji cha West Nile, usiku, matangani. Kabla gari la polisi halijafika, jina la jirani fulani limekwisha kutajwa, mara nyingi mwanamke mzee asiye na wa kumtetea, na vijana wameshika fimbo. Askari atamwokoa kwa bunduki usiku ule. Lakini kesho yake atamwokoa kwa nini?

Hapo ndipo ifaapo elimu tunayoisema. Watu hudhani kusoma kemia ya molekuli na ya kifizikia ni kukariri majina ya dawa. Sivyo. Mwanafunzi hupima badiliko moja kwenye digrii 25, kisha 35, kisha 45, aone kasi yake ikiongezeka, pengine maradufu kwa kila digrii kumi, ndipo akokotoe nguvu inayohitajika kulianzisha. Nusu ya kazi ni hisabati, na wengi hukwama hapo. Hatuoni sababu ya kuwaficha. Makerere ndiko wengi walikopata shahada hiyo. Chuo Kikuu cha Muni, kilichoanzishwa karibu na Arua mwaka 2013, kimewaletea vijana wa huku masomo ya sayansi mlangoni, na watoto wa kambini hawana sababu ya kujiona si wenyewe.

Mtaalamu wa namna hiyo atauliza swali ambalo wengine hawaulizi. Sianidi ikionekana katika damu ya marehemu, haisemi imetoka wapi. Lakini unga ukikutwa na linamarini nyingi, muhogo wenyewe umeshuhudia, kwa maana chumvi ya sianidi iliyotiwa na mtu haina linamarini.

Na jua lile lile linalomwokoa mlaji huweza kuufuta ushahidi. Ugali uliobaki ukiachwa wazi katika sahani, sumu yake hupaa. Unga mkavu huitunza linamarini kwa muda mrefu zaidi. Maabara ya Serikali iko Wandegeya, Kampala, karibu kilomita 500 kutoka Arua, na kielelezo kikisafirishwa mchana kutwa nyuma ya gari, katika mfuko uliofungwa ovyo, huenda kisifike na jambo la kusema. Basi askari achukue ugali na unga pia, kila kimoja katika chupa yake yenye kifuniko cha kukaza, aviweke mahali pa baridi, na aandike juu yake saa aliyovichukua.