Umepata leseni ya urubani? Pimwa kwanza kabla ya kulipa karo zaidi

Hongera, msomaji, ikiwa wewe au mwanao amefaulu mtihani wa kurusha ndege na kupata leseni ya rubani wa kibinafsi. Si kazi ndogo. Viwango vya kimataifa vinataka mwanafunzi awe ametimiza umri wa miaka 17 na kwa kawaida aruke kwa saa zisizopungua 40 kabla ya kupewa leseni hiyo. Kwa mtu wa Kakamega kuna gharama nyingine juu ya karo, kwa maana shule nyingi za urubani ziko katika Uwanja wa Wilson, Nairobi, na huko ni lazima mtu apate pa kulala na cha kula.

Leseni hiyo hukuruhusu kurusha ndege, lakini haikuruhusu kulipwa kwa kazi hiyo. Anayetaka ujira sharti apate leseni ya rubani wa kibiashara. Hiyo huhitaji umri wa miaka 18 na saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyefuata kozi nzima iliyoidhinishwa. Hapa ndipo jamaa huuza ng'ombe, hukodisha shamba la miwa au huitisha harambee. Na hapa ndipo daktari ana neno la kusema: kabla ya kulipa hata shilingi moja ya masomo hayo, nenda ukapimwe afya ya daraja la kwanza.

Vyeti ni viwili

Wengi hudhani kwamba kwa kuwa walipimwa walipoanza masomo, jambo hilo limekwisha. Sivyo. Rubani wa kibinafsi hupimwa afya ya daraja la pili. Rubani wa kibiashara hupimwa ya daraja la kwanza, ambayo masharti yake ni makali zaidi kwa sababu atabeba abiria. Mtu anaweza kupita daraja la pili bila taabu, kisha aanguke daraja la kwanza. Tuangalie ni wapi.

Macho: Daraja la pili hukubali kila jicho lione kwa kiwango cha 6/12. Daraja la kwanza hutaka 6/9 kwa kila jicho, na 6/6 kwa macho yote mawili pamoja. Usihofu miwani. Inaruhusiwa, mradi uwe na nyingine ya akiba unaporuka.

Rangi: Wako watu, hasa wanaume, waliozaliwa bila uwezo wa kutofautisha nyekundu na kijani, na wengi wao hawajui. Taa za ndege na za uwanjani ni za rangi hizo. Mwenye kasoro hiyo anaweza kupewa cheti cha daraja la pili cha kuruka mchana tu. Akishindwa pia kutambua rangi za taa za ndege, daraja la kwanza hulipati.

Moyo: Kipimo cha umeme wa moyo ni lazima unapopimwa daraja la kwanza kwa mara ya kwanza. Kwa daraja la pili huanza baada ya miaka 40. Basi kijana wa miaka 22 anaweza kuwa na leseni mfukoni na moyo wake haujawahi kupimwa hivyo.

Masikio: Hata ukibaki rubani wa kibinafsi, ukitaka kujifunza kuruka mawinguni kwa kutegemea vyombo, masikio yako yatapimwa kwa kiwango cha daraja la kwanza.

Maradhi yanayoulizwa sana

Mwenye kifafa hakubaliwi, wala, kwa viwango vya kimataifa, mwenye kisukari anayedungwa insulini. Kisukari kinachotulizwa kwa chakula au vidonge, shinikizo la damu linalodhibitiwa, na hata virusi vya ukimwi huchunguzwa kwa kila mtu peke yake. Si lazima jibu liwe hapana.

Kwetu magharibi ya Kenya, selimundu si jambo geni. Tofautisha mambo mawili. Aliyerithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida hazuiwi kuwa rubani. Mwenye ugonjwa wenyewe ana hatari, kwani upungufu wa oksijeni angani unaweza kuleta maumivu makali. Kakamega yenyewe iko karibu futi 5,000 juu ya bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi. Ikiwa kwenu kuna ugonjwa huu, pima damu mapema.

Usifiche ugonjwa. Daktari asipoambiwa anaweza kutia sahihi, lakini sahihi yake haimzuii mtu kuzirai akiwa futi 8,000 angani.

Ukiwa masomoni

Usiruke ukiwa na mafua. Njia ya hewa ya sikio huziba, na ndege ikishuka kiwambo cha sikio kinaweza kupasuka. Dawa nyingi za mafua na mizio zinazouzwa madukani huleta usingizi. Mwulize mwuza dawa kabla ya kumeza. Ukiugua malaria, maliza dozi na upate nguvu kabisa kabla ya kurudi kwenye usukani. Kutokwa na homa pekee si kupona.

La kufanya

Mimi na madaktari wengine wa kawaida hatuna mamlaka ya kukupa cheti hiki. Hutolewa kwa kupimwa na daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini, KCAA. Waulize wakupe orodha yao. Hata hivyo, anza kwa daktari wako wa karibu: pima macho, shinikizo la damu, sukari na mkojo, ili kinachotibika kitibiwe mapema. Chukua karatasi zako zote za hospitali, pamoja na za kulazwa au kupasuliwa, uende nazo.

Kwa viwango vya kimataifa cheti cha daraja la kwanza hudumu miezi 12, na hupungua hadi 6 kwa baadhi ya marubani waliopita miaka 40. Hivyo rubani hupimwa maisha yake yote kazini. Gharama ya kupimwa ni ndogo mno ukiilinganisha na karo. Mzazi, ukiombwa kuuza shamba, omba kwanza kuonyeshwa cheti hicho.